UZI: Unachongesha besi? Chagua pikapu na umeme wake kabla fundi hajashika patasi

Mleta uzi (Mwanza):

Wakuu salaam kwenu. Uzi huu ni wa wapiga besi wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, hasa nyie mnaochongesha magitaa kwa mafundi wetu hapa hapa. Mbao tunazo, mninga upo, mvule upo, mpingo wa kuweka chini ya vidole upo, na mikono ya mafundi wetu naiheshimu sana. Shida inaanzia kwenye umeme wa ndani: pikapu (zile sumaku zenye koili zinazosikiliza nyuzi), poti (za kuzungusha voliumu na toni) na waya zake. Mtu anachongewa bodi, inapigwa msasa, inapakwa vanishi mpaka inang'aa, shingo imeshafungwa, ndo anaanza kuuliza "sasa niweke pikapu gani?". Hapo fundi ameshachimba tundu kwa kukisia, nafasi ya poti ni finyu, ya betri hamna kabisa, na pikapu utakayoagiza inakuja ina milimita nne zaidi ya tundu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili atakayebisha abishe vizuri: kabla hujataja jina la pikapu, sema kwanza besi yako itachomekwa wapi. Amplifaya yako mwenyewe ya besi? Mixa ya kanisani kwa waya mrefu unaopita chini ya zulia? Ukumbini ambako umeme unatoka kwenye jenereta na taa za rangi ziko kwenye laini hiyo hiyo? Ukishajibu hayo, nusu ya uamuzi umekwisha.

Tupite kwenye aina kidogo. Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 ikiwa na singo koili moja (pikapu yenye koili moja ya waya), mwaka 1957 ndo ikaja ile pikapu iliyokatwa vipande viwili tunayoiita P. Kila kipande kinasikiliza nyuzi mbili, na vipande hivyo vimezungushiwa waya na kuwekewa sumaku kwa kupingana, kwa hiyo mvumo wa umeme unaoingia huku unafutwa na wa kule. 1960 ikaja Jazz Bass, ndo tunayoiita J, singo koili mbili nyembamba, moja upande wa shingo moja karibu na briji (pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi). 1976 Music Man wakaleta StingRay yenye hambaka moja nene (pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo) na priampu (kikuza sauti kidogo) ya betri ndani. Mpaka leo ukiagiza besi kwa fundi, mara nyingi unaagiza moja kati ya hizo tatu au mchanganyiko wake.

P ni nzito, imejaa katikati, inakaa chini ya kwaya vizuri bila kugombana na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Marekani, alipiga P ya 1962 yenye nyuzi bapa, na ule uzito unausikia kwenye nyimbo lukuki. J iko wazi zaidi, ukifungua pikapu zote mbili katikati panapungua kidogo, ukibaki na ya briji peke yake inaongea puani, Jaco Pastorius aliifanya sauti hiyo ijulikane dunia nzima kwa J yake ya 1962 isiyo na freti. Mimi kwa sebene naipenda ya briji ikiwa mbele kidogo, kila noti inasikika hata solo mbili zikiwa zinakimbizana juu yake.

Sababu ya tofauti hiyo ni mahali pikapu ilipo kuliko hata jina lake. Karibu na briji uzi hauchezi sana, mtetemo mkubwa wa chini unakuwa mdogo, kwa hiyo unasikia zaidi zile sauti za juu juu. Ukisogea kuelekea shingo uzi unacheza kwa upana na uzito unaongezeka. Jazz za miaka ya 60 pikapu mbili zimeachana kama milimita 91, za miaka ya 70 ya briji ilisogezwa nyuma wakafika kama milimita 102. Sentimita moja tu, lakini mtu mwenye masikio anajua. Hiyo sentimita fundi wako anaichimba mara moja, hairudi, na ndo maana nasema amua kwanza.

Sasa mvumo. Singo koili zinavuma, na umeme wetu ni wa herzi 50. Angalia noti ya G pale freti ya tatu ya uzi wa E: iko herzi 49. Yani mvumo unakaa karibu kabisa na noti ambayo kwaya nyingi zinaipenda, halafu umepanda kidogo tu, kwa hiyo ukishika G ndefu kwenye maabudu unasikia kitu kinayumba chini yake na unadhani besi haijatyuniwa. Jazz ya pikapu mbili ukifungua zote kwa usawa mvumo unafutika, maana moja imezungushwa kinyume cha mwenzake. Ukipunguza moja unarudi. Kama unapiga sehemu zenye mataa mengi chukua P, au hambaka, au zile za umbo la J ambazo ndani zina koili mbili. Usijipe mateso.

Karibuni, nitajibu kadri ninavyoweza.

Mdau wa Buhongwa:

Mkuu umegusa penyewe. Mimi napiga kanisani, hatuna amplifaya ya besi, nachomeka moja kwa moja kwenye mixa. Besi ni pasivu ya J (haina priampu wala betri), nyumbani kwenye kiamp cha mazoezi inalia vizuri ila pale kanisani inakuwa kama imefunikwa blanketi. Mtu wa mitambo anasema pikapu mbovu, nibadilishe. Nibadilishe?

Mleta uzi:

Usibadilishe kwanza mtumishi. Pikapu ya pasivu ni koili ya waya mwembamba yenye mizunguko maelfu, umeme inaotoa ni dhaifu na unataka kuingia mahali pasipouvuta sana, kama omu milioni moja hivi. Tundu la laini la mixa mara nyingi lina omu elfu kumi au ishirini. Pale trebo (sauti za juu) inakufa kabla haijafika kwenye spika. Juu yake una waya mrefu, kila mita ya kebo ya gitaa inakula trebo kidogo, ukifika mita kumi na tano unaisikia wazi.

Angalia mixa yenu kama kuna chaneli ina kitufe kimeandikwa Hi-Z (yani haiuvuti sana umeme wa pikapu), chomeka hapo. Kama hamna, nunueni DI box (kiboksi kinachokaa kati ya besi na mixa) ya aktivu, ile inayotumia umeme wa 48V kutoka kwenye mixa au betri. Zile DI za pasivu za bei ndogo kwa besi ya pasivu hazisaidii sana. Njia ya tatu ni kuweka priampu ndani ya besi yenyewe, hapo hata waya ukiwa mrefu haijali. Kwa mtu anayechongesha leo na anajua maisha yake yatakuwa ya kuchomeka kwenye mixa, hiyo ya tatu ndo ninayompa.

Mdau wa Musoma:

Hapa napingana na wewe kiongozi. Aktivu (besi yenye priampu ya betri) ni ugonjwa. Betri inakufa katikati ya wimbo, besi inaanza kukoroma halafu kimya, na unabaki umesimama mbele za watu. Betri za 9V za madukani nyingi ni feki. P pasivu, voliumu moja, toni moja, basi. Watu wamerekodi maelfu ya nyimbo hivyo. Mengine yote ni kuongeza vitu vya kuharibika.

Mleta uzi:

Mkuu P pasivu hata mimi naipenda na sina ugomvi nayo, ukiwa na amplifaya yako au DI nzuri ndo chaguo la kwanza kabisa. Ila kwa betri, tuwe wakweli. Priampu nyingi za besi zinakula umeme kidogo mno, kama miliampia moja hivi au chini ya hapo, na betri nzuri ya alkalini ina kama miliampia-saa 500. Hizo ni saa mamia za kupiga. Kinachoziua ni kuacha waya umechomekwa usiku kucha. Jeki ya besi ya aktivu ina mguu wa tatu, ndo swichi ya betri hiyo, ukichomeka kebo betri inaanza kufanya kazi, ukichomoa inazima. Kwa hiyo ukimaliza ibada chomoa, basi.

Na hakuna anayekulazimisha uchague kimoja. Mwambie fundi aweke swichi ya kuruka priampu. Betri ikifa unabonyeza au unavuta, sauti inatoka pasivu, wimbo unaendelea. Toni ya pasivu iache ifanye kazi pande zote mbili. Besi ya Marcus Miller, mpiga besi wa Marekani, ni Jazz ya 1977 ya kawaida ambayo fundi Roger Sadowsky aliifungia priampu, pikapu zilikuwa zile zile. Kwa hiyo P yako au J yako unayoipenda inabaki, unaongezea tu nguvu ya kusafiri.

Kitu kimoja naungana na wewe: usinunue priampu ya vitufe vitano na vitaa ukiwa hujui utaviweka wapi. Vitufe vya sauti za chini (besi) na za juu (trebo) vinatosha wengi. Midi (sauti za katikati) inasaidia kweli kama kumbi zako zinabadilika kila wiki, mfano priampu ya Aguilar OBP-3 ina midi yenye swichi ya kuchagua sehemu mbili na inakubali volti 18. Hizo volti 18 za betri mbili haziongezi sauti kama wengi wanavyodhani, zinaongeza nafasi ili ukizipiga nyuzi kofi kali (slap) sauti isikwaruze.

Mdau wa Bukoba:

Mimi nataka ya nyuzi tano. Fundi wangu ananiambia lete pikapu yoyote ya nyuzi tano atatoboa. Nahofia uzi wa B. Na ukubwa wa pikapu nauangaliaje wakati bado sijanunua?

Mleta uzi:

"Yoyote" hapana dada/kaka, mzuie. Fanya hivi, haina gharama. Chukua hadibodi au boksi kubwa la friji, chora besi yako saizi halisi: skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya inchi 34 ni milimita 864 kutoka nati ya juu (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale kichwani) mpaka kwenye tandiko la briji. Weka alama za nyuzi za nje kule juu kwenye nati, weka za kwenye briji, kwa nyuzi tano zilizoachana milimita 19 upana wa nje pale briji ni milimita 76. Piga mistari miwili kwa rula ndefu. Sasa mahali popote unapotaka pikapu pima umbali kati ya hiyo mistari. Huo ndo upana ambao sumaku za pikapu lazima ziufunike, na utaona pale karibu na shingo ni mwembamba kuliko pale karibu na briji. Ndo maana hata pikapu mbili za J ya nyuzi nne hazilingani urefu, ya briji ni ndefu kidogo.

Kwa nyuzi tano napenda zile za boksi refu zenye sumaku ya bapa inayopita chini ya nyuzi zote, badala ya vijiti vya sumaku. Hata nyuzi zikihama milimita moja mbili hakuna uzi unaopotea, na kwa besi ya kuchongwa kwa mkono hiyo ni nafuu kubwa. Vipimo vya pikapu za kampuni ya EMG vimekuwa kama kanuni: ile ya 35 ni kama milimita 89 kwa 38, ya 40 ni 102 kwa 38, ya 45 ni kama 114 kwa 38. Makampuni mengine yanatengeneza kwa maboksi hayo hayo, kwa hiyo tundu likichimbwa kwa kipimo cha 40 kesho ukitaka kubadilisha una pa kwenda.

Kuhusu B yenyewe, iko herzi 31 hivi, ikilegea pikapu haiwezi kuiponya. Ongea na fundi kuhusu skeli ya inchi 35, yani milimita 889, na shingo ngumu. Umeme unakuja baadae.

Mdau wa Kirumba:

Wakuu mimi nakula shoti. Naimba huku napiga, mdomo ukigusa maiki nasikia cheche kwenye midomo. Fundi redio kaniambia nikate waya unaoenda kwenye briji. Nikate?

Mleta uzi:

Simama hapo kwanza kaka, hii haina mzaha. Ule waya wa briji unaunganisha nyuzi na ardhi ya gitaa, ndo unafanya mvumo upungue ukigusa nyuzi. Besi yako na maiki viko kwenye vifaa tofauti ambavyo ardhi zake hazilingani, na wewe katikati umekuwa waya. Kosa liko ukutani: soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ardhi hamna, au upo upande mmoja tu. Aitwe fundi umeme apime ardhi ya jengo, na amplifaya na mixa vichomekwe sehemu moja. Asikudanganye mtu ukakata ule mguu mrefu wa plagi.

Kabla ya kuimba chukua mita, weka kwenye volti za AC, kijiti kimoja kwenye uzi wa besi kingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma makumi ya volti usiguse. Sponji kwenye maiki inasaidia kwa jioni moja tu, siyo suluhisho.

Kwa besi mpya: EMG za aktivu kwa mujibu wa watengenezaji wake hazihitaji waya wa briji, maana ndani zimeshafunikwa vizuri. Hivyo nyuzi haziunganishwi na ardhi. Kwa waimbaji wanaozunguka kumbi mbalimbali hiyo ni sababu tosha ya kuzichagua, hata usipozipenda kwa sauti. Ila kumbuka hizo zinatumia poti za 25k, siyo 250k, ukichanganya sauti inakuwa kama swichi, inazima ghafla mwishoni. Na hata ukiwa nazo, ardhi ya jengo irekebishwe.

Mdau wa Kisumu:

Sasa wakuu, nawafuatilia kutoka upande huu wa ziwa. Sisi vitu vidogo tunatoa Nairobi, Luthuli Avenue, poti na kapasita ziko tele. Shida ni pikapu, zile za mtandaoni zilizoandikwa majina makubwa kwa bei ya mchele. Mnajuaje ni za kweli?

Mleta uzi:

Karibu sana jirani. Bei ikiwa robo ya bei ya kampuni, si ya kampuni hiyo. Bora ununue pikapu ya Wilkinson au pikapu isiyo na jina ikiwa inajitambulisha hivyo, kuliko ya bandia yenye jina kubwa. Ikifika pima kwa mita: koili ya J mara nyingi inasoma kiloomu 7 mpaka 8 hivi, P kama 10 au 11. Mita isiposoma omu yoyote, yani njia iko wazi, koili imekatika. Namba ikiwa kubwa sana usifurahi, hiyo ni waya mwingi zaidi, sauti inakuwa nene na trebo inapungua. Alnico au seramiki? Alnico kwa ujumla ni laini kidogo, seramiki ina meno, ila ni namna ilivyozungushwa ndo inaamua zaidi, kwa hiyo usilale macho kwa hilo.

Kapasita (inayokata trebo ukipunguza toni) ndo usidanganywe kabisa. Kwa toni ya besi ya pasivu weka maikrofaradi 0.047, imeandikwa 473. Inapatikana kwa fundi redio yeyote kwa bei ya soda au chini yake, hata ya kwenye redio ya zamani inafaa. Ukitaka toni izame zaidi weka 104. Zile za mafuta zinazouzwa bei ya nyuzi seti nzima hazina cha ziada kama namba ni ile ile. Pesa hiyo weka kwenye poti na jeki, maana sisi tunaokaa kando ya ziwa unyevu unazila hizo, baada ya msimu wa mvua poti ya bei chee inaanza kukwaruza na jeki inakatakata. Poti ikiandikwa A250K ni ile inayopanda kwa mkunjo, nzuri kwa voliumu. B inapanda sawasawa.

Mdau wa Sengerema:

Nimeshawishika: PJ (pikapu ya P na ya J pale briji), priampu ya besi na trebo, swichi ya kuruka. Bodi ni mninga, fundi anaanza wiki ijayo. Nimwambie nini kuhusu tundu la nyuma? Na ile foili ya shaba ya kufunika tundu kwa ndani kuzuia mvumo ina ulazima?

Mleta uzi:

Chaguo zuri mkuu. Mwambie achimbe tundu refu kuliko anavyodhani linatosha, na betri iwe na chumba chake chenye mfuniko wake, isikae inagongana na poti. Juu ya tundu, pale poti zinapotokea mbele, aache mbao ya milimita 5 hivi. Mninga mafundi wanaogopa kuupunguza, wanaacha milimita kumi na mbili, halafu shingo ya poti haifiki juu na nati haishiki. Njia ya waya kutoka pikapu moja kwenda nyingine aitoboe kabla ya kufunga shingo, maana baada ya hapo drili haipati pembe.

Foili kwa P peke yake unaweza kuvumilia bila, ila wewe una J pale briji, weka. Funika tundu lote na mfuniko wake kwa ndani, vipande vipandane kidogo, na kila vinapokutana weka tone la risasi ya kuchomelea, usiamini gundi ya nyuma, nyingi hazipitishi umeme. Ukikosa ya shaba, foili ya jikoni inafanya kazi lakini haishiki risasi, hivyo kaza waya kwa skrubu. Ukimaliza pima kwa mita toka kona moja ya tundu mpaka nyingine, isome karibu sifuri. Halafu waya zote za ardhi zikutane sehemu moja mgongoni mwa poti ya voliumu, waya wa briji ukiwemo.

Pikapu uwe nazo mkononi siku anapoanza kuchimba. Kama hazijafika, asubiri.